Ditekta ya alfa kwa milioni 3: kisa cha tumbaku ya Urambo

"Shikamoo fundi. Nina milioni 3 tu. Ninunue ipi?"

Mwalimu alikuwa ameshika karatasi tatu alizochapisha, kila moja ina picha ya ditekta yake. Nilipoitikia marahaba nikamwuliza anataka kupima nini. Akasema, "Alfa." Alfa ni aina ya mionzi, chembe nzito zinazorushwa na atomu zinapovunjika. Nikamwomba akae, kwa sababu hapo kazi ilikuwa haijaanza.

Mimi natengeneza vifaa vya maabara hapa Tabora: mizani, mikroskopu, sentrifuji za zahanati, na mashine za eksirei zikigoma upande wa umeme. Mambo ya alfa niliyaingia miaka mingi iliyopita kwa kupenda tu, na nimeharibu dayodi za kutosha hadi kuyaelewa. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa kuwa swali la mwalimu huulizwa na wengi wenye pesa kidogo, na karibu wote huanzia kwenye katalogi, wakati jibu liko kwenye sampuli.

Baba yake mdogo analima tumbaku ya mvuke Urambo. Msimu wa kuchambua, nyumba nzima huwa imekaa katikati ya majani: mama, watoto, jirani aliyekuja kusaidia, wote mikono imeganda utomvu. Mwalimu alikuwa amesoma kwamba jani la tumbaku hubeba poloniamu-210, elementi yenye mionzi ya alfa, na jambo hilo likamkaa moyoni. Si habari mpya. Edward Radford na Vilma Hunt waliandika kuhusu poloniamu katika moshi wa sigara mwaka 1964. Inafika kwenye jani kwa njia mbili. Radoni, gesi yenye mionzi, ikitoka ardhini huvunjika na kuzaa watoto wake hewani, yaani atomu nyingine zenye mionzi, nao huanguka na kunasa kwenye vinyweleo vya jani vyenye kunata. Njia ya pili ni mbolea ya fosfati, kwani mawe ya fosfati kwa asili huwa na uraniamu na vizazi vyake, na mkulima wa tumbaku huku hawezi kulima bila NPK 10:18:24. Mwalimu alitaka kujua jani la baba mdogo lina kiasi gani, na kama jani la chini, lililokaa shambani muda tofauti na la juu, linatofautiana nalo.

Hilo sasa ni swali linaloweza kununuliwa ditekta.

Poloniamu-210 hutoa alfa ya nishati moja tu, MeV 5.30 (MeV na keV ni vipimo vya nishati; MeV 1 ni keV 1,000). Kwa kipima mionzi cha kushika mkononi huwezi kuiona ikiwa ndani ya jani, maana alfa hiyo hewani haiendi zaidi ya sentimita 4 hivi, na karatasi moja inatosha kuizuia, sembuse jani lenyewe. Lazima jani livunjwe kwa asidi, poloniamu itolewe na kuwekwa peke yake juu ya uso safi. Njia yake ni ya zamani na nzuri. Jani huyeyushwa kwa asidi ya naitriki na hidrojeni peroksaidi kwa moto wa taratibu, bila kulichoma kuwa majivu kwa sababu poloniamu hupaa joto likizidi. Kisha mmumunyo hubadilishwa kuwa wa asidi ya hidrokloriki hafifu, huongezwa vitamini C ili chuma kisiingilie, na kisahani cha fedha hutumbukizwa humo kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 85 hivi. Poloniamu hujibandika yenyewe kwenye fedha, bila umeme wowote. Upande huu mwalimu hakuhitaji fundi. Visahani alivipata kwa sonara, vimefuliwa vyembamba, na upande mmoja wa kila kisahani aliupaka vanishi ili poloniamu ikae upande mmoja tu.

Basi tukafanya hesabu kabla ya kugusa katalogi. Kiwango kinachoonekana mara nyingi kwenye tumbaku ni kama milibekereli 10 hadi 20 kwa gramu (milibekereli 1,000 ni mvunjiko mmoja wa atomu kwa sekunde). Chukua 15. Gramu 5 za jani zina milibekereli 75, yaani mivunjiko 6,480 kwa siku nzima. Kemia ikienda vizuri asilimia 85 inafika kwenye kisahani: 5,500 hivi. Mivunjiko hiyo inarusha alfa pande zote, na ditekta inaona zile tu zinazoijia. Tukachukua kisahani chenye eneo la poloniamu la milimita 10 kwa upana, kikiwa milimita 5 kutoka kwenye ditekta.

Hapo ndipo karatasi zake tatu zilipoanza kusema.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ditekta iliyotumika, ya silikoni yenye uso wa dhahabu, ya milimita za mraba 450, inauzwa na mtu binafsi ng'ambo. Ikiwa nzima, ingekamata kama asilimia 28, yaani mapigo 1,500 kwa siku. Karatasi ya pili ilikuwa dayodi ndogo ya BPX61, ile ambayo CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, waliitumia kwenye kipima alfa chao cha wanafunzi, ambacho hujengwa kwa betri ya volti 9 na kusomwa kupitia tundu la maikrofoni la simu au kompyuta. Unaikata kioo cha juu na silikoni inabaki wazi. Ni kifaa kizuri sana cha kufundishia na ni rahisi. Lakini eneo lake ni milimita za mraba 7 tu. Kwa kisahani chetu ingekamata asilimia 1.3: mapigo 72 kwa siku. Karatasi ya tatu ilikuwa skrini ya zinki salfaidi na mrija wa kukuza mwanga, eneo kubwa, bei ya wastani.

Mwalimu alikuwa ameipenda ya kwanza kwa sababu moja. Ilikuwa imeandikwa kwamba inatenganisha nishati hadi keV 17. Zile nyingine hazikuwa na namba nzuri namna hiyo. "Si ndiyo ubora wenyewe, fundi?"

Ni ubora, ila tujiulize wa kazi gani. Kwenye kisahani cha fedha kuna kitu kimoja cha kuona, kwenye 5.30. Hata siku akipata poloniamu-209 ya kupimia hasara ya kemia, kilele chake, yaani nishati ambapo mapigo yake hurundikana, kiko 4.88, umbali wa zaidi ya keV 400. Ditekta inayotenganisha keV 50 inatosha na kusaza. Na kuna mahali ambapo hata keV 17 haikusaidii. Mtu akitaka kupima maji ya kisima, uraniamu-234 iko 4.775 na radiamu-226 iko 4.784. Hizo hazitenganishwi kwa ditekta yoyote ya silikoni utakayoinunua. Zinatenganishwa kwenye bika kwa kemia. Kwa hiyo namba ya keV kwenye tangazo mimi huisoma mwisho. Namba ya kwanza kwangu ni eneo, na ya pili ni mapigo ya bure, yaani yale yanayohesabiwa hata sampuli isipokuwepo.

Kuna jambo jingine lililonitia hofu kwenye ile ya kwanza. Ditekta za uso wa dhahabu za zamani ni dhaifu: huchukia mvuke wa mafuta, unyevu na kidole, na huwezi kuzifuta. Iliyotumika inaweza kuwa imechafuliwa na chanzo cha mwenye nayo wa zamani, na uchafu huo ndio utakaokuwa sampuli yako daima. Tena mkondo unaovuja ndani ya silikoni huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 7 au 8 za joto. Ditekta iliyokuwa ikivumilika kwenye chumba cha baridi Ulaya inaweza ikawa kelele tupu Tabora mwezi wa kumi. Kama muuzaji hatoi kipimo cha mkondo huo gizani, ikiwa imewekwa volti zake, sinunui, na nilimwambia hivyo. Ditekta mpya za aina hiyo, zile za kisasa zenye uso unaofutika, ni nzuri mno, ila moja tu ingemaliza fungu lake kabla hatujapata hata waya.

Zinki salfaidi ilitaka mjadala zaidi, na nakiri ilikuwa na hoja. Kama kemia imeshaitenga poloniamu, kwa nini tuhangaike na nishati? Si tuhesabu miale tu, kwa eneo kubwa, tumalize? Tatizo ni kwamba zinki salfaidi haijui 5.30 na 7.69. Kila alfa kwake ni mmweko. Na hewa ya chumba chochote ina radoni, na watoto wake, poloniamu-218 ya 6.00 na poloniamu-214 ya 7.69, hukaa juu ya kila kitu, ikiwemo kisahani chako ulichokiacha mezani dakika kumi. Kwenye sampuli yenye mapigo mengi hilo ni dogo. Kwenye sampuli yenye mapigo 30 kwa saa, hujui umepima tumbaku au chumba. Nilimweleza mwalimu kwamba nishati ndiyo shahidi wake pekee atakapoulizwa amejuaje kuwa ni poloniamu. Baadaye, kama nitakavyosimulia, shahidi huyo alitutoa kwenye kosa ambalo zinki salfaidi isingelionyesha kamwe.

Tuliyoichagua haikuwa kwenye karatasi zake. Ni fotodayodi ya Hamamatsu, S3590-09, mraba wa sentimita moja kwa moja, silikoni ikiwa uchi. Kwa jiometri yetu inakamata kama asilimia 14: mapigo 770 kwa siku. Linganisha na 72 ya dayodi ndogo. Kosa la kubahatisha la mapigo 72 ni kama asilimia 12. La 770 halifiki 4. Ili dayodi ndogo ifikie pale ingehitaji karibu siku 11 kwa kisahani kimoja, na hapa kwetu siku 11 za umeme usiokatika si jambo la kupangia kazi. Ile kubwa ya 450 ingetupa mara mbili tu ya hii, kwa bei isiyo mara mbili.

Kuhusu herufi za mwisho niseme kwa sauti, maana hapa pesa hupotea kwa tarakimu moja. S3590-08 na S3590-09 zinafanana hadi utazisogeza machoni. Ya 08 imefunikwa utomvu wa epoksi, imetengenezwa kuangalia mwanga wa fuwele inayomweka ikipigwa na mionzi. Alfa haipiti humo hata moja. Ya 09 haina kifuniko. Mwalimu alikuwa ameshaweka ya 08 kwenye oda kwa sababu ilikuwa na punguzo. Na BPW34, ile dayodi ya bei rahisi inayopatikana kila duka la vipuri, plastiki yake vilevile huzuia alfa zote. Inafaa kwa beta na gama. Kwa alfa swali la kwanza kuuliza ni nini kilichopo kati ya sampuli na silikoni. Mikromita moja ya silikoni isiyofanya kazi hula kama keV 140. Alama ya kidole nayo ina unene. Ditekta ya uchi hushikwa kwa kingo za seramiki, na uso wake hauguswi na chochote, hata kitambaa safi, maana nyuzi za dhahabu zilizounganishwa pembeni ni nyembamba kuliko unywele.

Kiwandani wanaitaja kwa volti 70, ambapo silikoni yote ya mikromita 300 hufanya kazi. Alfa ya poloniamu huingia mikromita 27 hivi tu ndani ya silikoni. Tukatumia volti 24 kutoka kwenye betri, ambazo zinatoa kina cha zaidi ya mikromita 150, na tukajiepusha na usumbufu wa volti kubwa pamoja na mkondo unaovuja. Watu huogopa kelele za dayodi kubwa, na kwa eksirei hofu hiyo ni ya haki. Kwa alfa si lazima. Silikoni hutumia elektroni-volti 3.6 kutoa jozi moja ya chaji, hivyo pigo moja la poloniamu lina elektroni karibu milioni moja na nusu. Priampu, yaani kikuza pigo cha kwanza, yenye kelele za elektroni 1,000 inapanua kilele kwa chini ya keV 10. Tulinunua moduli ndogo ya priampu iliyo tayari, tukajenga wenyewe hatua ya kulirefusha pigo hadi mikrosekunde mia na kidogo, kwa sababu kadi ya sauti ya kompyuta husoma mara moja kila mikrosekunde 21 na pigo fupi ingeliruka. Programu za bure kama Theremino MCA hufanya lililobaki, la kupanga mapigo kwa nishati zake. Mapigo 30 kwa saa hayamchoshi mtu.

Kwenye ombwe tulibishana siku mbili. Mwalimu alikuwa amesoma mahali kwamba spektroskopia ya alfa, yaani kupima nishati za alfa, inataka pampu kubwa na geji zake. Hesabu ilisema vingine. Usawa wa bahari, alfa ya 5.3 hupoteza kama keV 90 kwa kila milimita ya hewa. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, inapoteza kama 80. Ukiweka kisahani milimita 5 bila ombwe unapoteza keV 400, na kibaya zaidi si kupoteza kwenyewe, ni kutolingana: alfa inayokuja wima hupita milimita 5, inayokuja kwa mshazari wa nyuzi 60 hupita milimita 10. Kilele kinageuka kuwa mteremko. Lakini ukiondoa hewa hadi zibaki kilopaskali 3 tu, hasara inashuka hadi keV 14 hivi, na tofauti kati ya wima na mshazari haionekani. Kilopaskali 3 hazihitaji pampu ya maabara. Kompresa ya friji iliyotupwa inafika huko.

Ndiyo tuliyotumia. Nilimpelekea fundi mkereza chuma kipande cha bomba nene chenye flanji, akakichongea mfuniko na mfereji wa oringi, na vali ya gesi ya mafundi friji ikafanya kazi ya mlango. Kompresa inawashwa dakika kadhaa, vali inafungwa, kompresa inazimwa. Hii ya kuzima usiiache. Silikoni ikitikiswa na mota huandika mitetemo kama mapigo, na nimeona mtu akishangilia kilele kilichokuwa mngurumo wa pampu. Chuma pia huziba mwanga, na mwanga kidogo tu wa tundu la waya unatosha kuizamisha dayodi. Geji hatukununua. Geji ya fundi friji huko chini haisemi kitu cha maana, lakini kilele chenyewe kinasema: kila kilopaskali inayoingia hukisogeza kama keV 4 au 5 kushoto. Ukikuta asubuhi kimesogea, oringi inavuja.

Halafu likaja kosa langu.

Tulipima usiku mzima bila kisahani, tukategemea mapigo machache sana. Yakaja zaidi ya 60. Usiku wa pili vivyo hivyo. Mwalimu alidhani ditekta imechafuliwa tangu dukani, nami nikaanza kumlaumu muuzaji moyoni. Kisha tukaiangalia spektra yenyewe, mchoro wa mapigo kwa kila nishati, kwa utulivu. Hapakuwa na kilele. Palikuwa na uwanda, kama benchi, ulioanzia nishati za chini ukaenda sawasawa hadi 5.3 na kukatika ghafla. Uchafu juu ya uso wa ditekta ungetoa kilele chembamba. Benchi lenye ukingo ni alama ya kitu kinene kinachotoa alfa kutoka kila kina chake: zinazotoka juu kabisa huja na 5.3 nzima, zinazotoka chini huja zimechoka. Na 5.3 ni poloniamu-210. Sasa ndani ya bomba langu kulikuwa na poloniamu gani?

Risasi. Kishikio cha kisahani nilikuwa nimekichomelea kwa risasi ya kawaida ya kulehemu, madoa manne makubwa, yote yakiitazama ditekta. Risasi ya kawaida hubeba risasi-210, yenye nusumaisha (muda wa nusu yake kuisha) ya miaka 22, nayo huzaa poloniamu-210 bila kukoma. Nilikuwa nimekijengea kifaa cha kutafuta poloniamu fremu ya poloniamu. Nililijua jambo hili kwa kusoma na bado mkono ulifanya ulichozoea. Tuliking'oa kishikio chote, tukaweka kingine cha shaba kilichobanwa kwa skrubu, na viungo vya umeme tukavigeuzia nyuma ya ditekta vikiwa vimefunikwa. Mapigo ya bure yalishuka hadi 4 au 5 kwa siku.

Tofauti hiyo ina thamani yake kwa namba. Kanuni aliyoitoa Lloyd Currie mwaka 1968 inasema kiasi kidogo kinachoweza kudaiwa kuonekana ni 2.71 ukijumlisha 4.65 mara kipeuo cha pili cha mapigo ya bure. Yakiwa 5, unahitaji mapigo 13 ya kweli. Yakiwa 60, unahitaji 39. Kubadilisha madoa manne ya risasi, kazi ya alasiri moja, kuliiongezea ditekta uwezo mara tatu kwa sampuli hafifu. Hakuna pesa ambayo ingetufanyia hivyo.

Ilibaki kuipa mashine kipimo cha nishati. Vitabu vinataka chanzo cha maabara chenye amerisiamu-241 ya 5.486. Chanzo ni kitu cha kibali: Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inaiweka mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na ni haki iwe hivyo. Ditekta yenyewe ni silikoni tu, lakini chochote chenye mionzi unachotaka kukiingiza maabara uliza kwanza. Wapo wanaoshauri kuvunja king'ora cha moshi na kutoa chembe ya amerisiamu iliyomo. Nakataa kabisa. Ni hatari, na haifai hata kwa kazi yenyewe, kwani chembe ile imefunikwa kwa tabaka la chuma linalokula nishati, kilele chake ni kipana na hakiko mahali pake.

Suluhisho lilitoka Kibirizi. Shemeji yangu huko Kigoma alivua dagaa kwa karabai miaka mingi kabla ya taa za sola, na kwenye sanduku lake palikuwa bado na tambi za karabai za zamani, mpya kwenye pakiti, zile za wavu mweupe. Tambi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa thoriamu (nyingi za sasa hazina). Baada ya kuiandikia Tume na kuuliza, tukaiweka moja, ikiwa ndani ya pakiti yake ya karatasi, kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na kipande cha chuma kilichong'arishwa, kikiunganishwa upande hasi wa betri 10 za volti 9. Thoriamu huzaa gesi ya thoroni, ambayo huishi sekunde 56 hivi tu, na watoto wake wenye chaji chanya hukimbilia kwenye chuma. Baada ya siku moja kipande kinatolewa kikiwa na risasi-212 juu yake, nusumaisha saa 10.6, na vilele viwili safi: 6.05 na 8.78. Mstari unaopita kwenye vilele hivyo viwili ukirefushwa kushoto unaonyesha 5.30 iko wapi. Siku nne tano baadaye kipande ni chuma cha kawaida tena, hakijaacha chochote ndani ya bomba. Utambi wenyewe usiuchome, usiuchane, usiulaze mezani. Vumbi lake ndilo baya, na likishaingia kifuani hakuna karatasi ya kulizuia.

Kilele cha 8.78 kilitoka na upana wa keV 45 hivi. Mwalimu alinitazama kama anayetaka kuomba radhi kwa ditekta yake. Nikamwonyesha mahali 4.88 na 5.30 zilipo kwenye skrini. Kati yao palitosha vilele vinane vya upana ule.

Poloniamu-209 hakuipata, ni ghali, inaagizwa nje na inataka kibali. Bila hiyo huwezi kujua kwa uhakika ni asilimia ngapi ya poloniamu iliyopanda kwenye kisahani, na hapo mwalimu alikuja na njia ambayo sikuifikiria. Baada ya kutoa kisahani cha kwanza, anatumbukiza cha pili kwenye mmumunyo uleule, kwa muda uleule na joto lilelile. Kama cha kwanza kilichukua asilimia 85, cha pili kitachukua asilimia 85 ya zilizobaki, na uwiano wa mapigo ya viwili hivyo unakupa asilimia yenyewe. Haipimi kilichopotea wakati wa kuyeyusha jani, kwa hiyo namba yake itabaki kuwa ya chini kuliko ukweli, na ataiandika hivyo. Kwa kulinganisha jani la juu na la chini, yakiwa yameyeyushwa kwa wakati mmoja na kwa hatua zilezile, inamtosha.

Hesabu ya pesa ilikuwa hivi: ditekta na usafiri wake laki 4 na kidogo, priampu na vipuri vya umeme laki 6, bomba na kazi ya kukereza laki 3 na nusu, fedha ya sonara laki 2, kompresa bure. Karibu milioni moja na nusu iliyobaki yote ilienda kwenye asidi safi, vyombo vya kioo na fundi wa kurekebisha kabati la kuvutia mvuke, ambalo feni yake ilikuwa imekufa. Hilo la kabati nililisisitiza hadi akakubali kwamba bila feni hakuna kuyeyusha jani lolote.

Jani la kwanza la Urambo lilikaa kwenye bomba saa 24. Kilele kilisimama pale pale kwenye 5.30, chembamba, kimejitenga, na kulia kwake peupe. Namba ni ya mwalimu, na hataitoa mpaka kisahani cha pili kihesabiwe. Baba yake mdogo ameshapiga simu mara mbili kuiulizia. Mara ya pili aliuliza pia kama watoto wavae glavu wakati wa kuchambua, na mwalimu akamwambia wavae, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, wasisubiri mashine.